Tunachangia jeneza, hatuchangii dawa



Leo hatutasema juu ya bei ya dhahabu wala juu ya vizuizi vya barabarani. Tutasema juu ya moyo. Kuko wale watauliza: sendika inatafuta nini katika mambo ya madokta? Tutawajibu mbele ya kufika mwisho. Lakini kwanza musikie yaliyotupata.

Muzee mumoja wa kwetu Luvungi, jina lake tunaliacha kwa heshima ya familia, alichimba tangu ujana. Alianza kule Kamituga wakati wa SOMINKI, ile kampuni iliyozaliwa mwaka 1976 na ikaanguka katika miaka ya 1990. Kisha aliteremuka huku kwetu katika bonde la Ruzizi, akaendelea kuchimba na kuosha muchanga mpaka miguu ikakataa. Alikuwa na miaka 67. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na alijua. Alikuwa na tansio, alijua nusu nusu, sababu alikunywa dawa siku kichwa kinauma, na kichwa kikitulia anaacha. Na kifua chake kilikuwa na vumbi ya miaka zaidi ya 30.

Jioni moja alisema: "Tumbo imejaa gaz, sijisikie muzuri." Alitoka jasho ya baridi. Hakusema kifua kinauma, hapana. Bibi yake alimupikia chai ya tangawizi. Kijana wake alikimbia kwa famasi, akaleta diclofenac na dawa ya gastriti. Usiku muzee akaanza kuhema kama mutu aliyepanda mulima wa Ngomo na muzigo kichwani. Na usiku, barabara yetu munaijua: nani atatoka? Asubuhi walimubeba kwa kipoyi mpaka kwa lami, kisha wakamuweka juu ya moto, amefungwa katikati ya vijana wawili. Alifika kwa waganga akiwa bado anasema. Munganga alimupima, akawaambia: moyo umeshikwa, na umeshikwa tangu jana jioni. Mbele ya saa sita ya muchana, muzee alikuwa amekufa.

Kisha ikaanza sehemu ya pili, ile mbaya zaidi. Kilio hakijamalizika, watu wakaanza kusema: "Karuho hiyo. Wamemupa sumu." Wengine walimuangalia mujane. Wengine walimuangalia rafiki yake aliyekunywa naye kasiksi siku mbili mbele. Kijana mumoja alishika fimbo. Sisi wa sendika tulisimama mulangoni mpaka usiku ili ule mama asipigwe. Mama aliyemupikia bwana wake chai ya tangawizi.

Na sisi pia tunapaswa kukubali kosa letu. Kasha yetu ilitoa pesa ya jeneza, ya turubai na ya mutumbwi wa chakula cha matanga. Tulitoa bila kuulizana hata mara moja. Lakini ule muzee, miezi mingi alikosa dawa yake ya sukari, na kasha ile ile haikutoa hata franka moja. Ndiyo aibu inayotufanya tuandike leo. Tunachangia jeneza, hatuchangii dawa.

Moyo unashikwa namna gani

Moyo ni pompi. Inasukuma damu mwili mzima, muchana na usiku, bila kupumzika. Lakini pompi yenyewe pia inahitaji damu yake ya kula, na inaipata kwa mishipa midogo inayouzunguka. Mwaka kwa mwaka, ndani ya ile mishipa kunajengeka uchafu wa mafuta, ginsi tope inajaa katika tiyo ya maji. Siku moja ule uchafu unapasuka, damu inaganda juu yake, mushipa unafungwa. Sehemu ya moyo iliyokuwa inakula kwa ule mushipa inaanza kufa. Haifi mara moja: inakufa kidogo kidogo, saa kwa saa. Ndiyo sababu madokta wanasema kila dakika ni nyama ya moyo inayopotea. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inasaidia sana katika masaa ya kwanza, na kisha masaa 12 faida yake inakuwa kidogo sana.

Wengi kati yetu wanafikiri kushikwa na moyo ni ugonjwa wa matajiri, wa watu wanene wenye gari. Mwaka 2004, wachunguzi walitoa kazi kubwa waliyoifanya katika inchi 52, Afrika ikiwa ndani. Waliona kwamba mambo 9 peke yake yanaeleza karibu hatari yote ya kushikwa na moyo mara ya kwanza: tumbako, mafuta mabaya katika damu, tansio, sukari, kitambi, mawazo mengi ya roho, kukosa matunda na mboga, pombe, na kukosa kutembeza mwili. Tuambieni: mawazo hayako kwa wachimbaji? Tumbako haiko kwa shimo? Kanyanga haiko? Tajiri yuko na mambo yake na sisi tuko na yetu, lakini moyo ni mumoja.

Ugonjwa mumoja hauji peke yake

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Watu wawili wanaweza kushikwa na moyo siku moja, kwa namna moja. Mumoja anapona, anarudia kwake. Mwingine anakufa. Sababu ni nini? Mara nyingi jibu haliko katika ule mushipa uliofungwa. Liko katika magonjwa mengine ambayo mutu alikuwa nayo mbele ya siku ile.

Wachimbaji wataelewa upesi. Shimo la zamani linasimama juu ya miti yake. Muti mumoja ukioza, shimo linashika. Mbili ikioza, bado linaweza kushika. Ikiwa tatu au ine imeoza, mvua kidogo tu inaangusha yote, na watu watasema mvua ndiyo iliyoua. Muzee mwenye sukari, tansio, figo mbaya na kifua cha vumbi ni shimo la namna ile. Kushikwa na moyo ni mvua iliyokuja kisha.

Tuzipitie zile miti, moja moja.

Sukari. Ugonjwa wa sukari unaharibu mishipa mikubwa na midogo, kwa hiyo mara nyingi moyo wa mutu wa sukari umezibwa pahali pengi kwa mara moja. Lakini kuko jambo baya zaidi: sukari inaharibu pia nyuzi zinazopeleka habari ya maumivu. Mutu anashikwa na moyo na kifua hakiumi. Anasikia tu kuchoka, jasho, kichefuchefu, pumzi fupi. Ndiyo maana muzee wetu alisema gaz. Hakudanganya, mwili wake ndio ulimudanganya.

Tansio. Miaka mingi ya tansio inafanya moyo kunenepa ukuta, kama mukono wa mutu anayepiga nyundo kila siku. Moyo munene unataka damu mingi zaidi, na mishipa iliyokauka haiwezi kuuletea. Ukishikwa, unachoka upesi na maji yanapanda katika mapafu. Tansio haina maumivu. Kichwa kutulia si ushuhuda kwamba tansio imeshuka.

Figo. Sukari na tansio zinakula figo pole pole, na mwenyewe hajue. Mutu mwenye figo mbaya akishikwa na moyo, maji hayatoki muzuri katika mwili, na dawa nyingi zinabakia katika damu kupita kipimo. Munganga anapaswa kupunguza hii, kuacha ile, kuogopa damu kutoka. Kama hajue kwamba figo ni mbaya, anaweza kuumiza akitaka kuponya.

Kifua. Hapa ndipo sisi wa migodi tunapopigwa kuliko wengine. Vumbi ya mawe inaingia katika mapafu na haitoki. Inaacha makovu. Ndiyo silikosi, na silikosi inamufungulia mulango kifua kikuu. Ongeza tumbako. Mapafu ya namna hii hayaleti hewa ya kutosha katika damu, na moyo ulioshikwa unalia hewa. Tena kuko hatari ya kudanganyika: muzee anayehema siku zote, siku moyo unamushika kila mutu atasema "ni kifua chake ya zamani". Musisahau mama zetu wanaotwanga mawe kule Kamituga na pengine. Wao hawashuke shimoni, lakini vumbi wanaikula kutoka asubuhi mpaka jioni, na mara nyingi mutoto yuko mugongoni.

Damu kidogo. Malaria ya bonde letu na minyoo ya tumbo inamaliza damu. Damu kidogo maana yake hewa kidogo inayofika kwa moyo. Mutu kijana atavumilia. Muzee ambaye mishipa yake tayari imefinyana, hataweza.

Vidonda vya tumbo. Dawa ya kwanza ya kushikwa na moyo ni aspirini, ile ya bei kidogo inayojulikana na kila mutu. Mwaka 1988 kulitoka uchunguzi juu ya wagonjwa zaidi ya 17,000: aspirini peke yake, ikianzishwa upesi na kufuatwa mwezi mumoja, ilipunguza vifo karibu robo moja. Pamoja na dawa ya kuyeyusha damu, vifo vilipungua karibu mbili kwa tano. Lakini mwenye kidonda kinachotoa damu hawezi kupewa aspirini ovyo ovyo. Kwa hiyo ugonjwa wa tumbo unaweza kumufungia mugonjwa mulango wa dawa ya moyo.

Munaona sasa namna inavyofungana. Ugonjwa mumoja unaficha ishara. Mwingine unakawisha safari. Mwingine unakataza dawa. Mwingine unachosha moyo hata mbele ya siku. Na uzee wenyewe unapunguza nguvu ya mwili kujirekebisha.

Wengine waliona nini

Kule Marekani, mwaka 2000, waganga walitoa hesabu ya wagonjwa 434,877 walioshikwa na moyo. Mutu 1 kwa 3 alifika hospitali bila maumivu ya kifua. Wale wasio na maumivu walikuwa wazee zaidi, wastani miaka 74, na wengine 67. Wenye sukari walikuwa wengi kati yao. Walikawia: wastani karibu masaa 8 mbele ya kufika, na wenye maumivu walifika kisha karibu masaa 5. Na matokeo? Wenye maumivu walikufa hospitalini 9 kwa 100. Wasio na maumivu walikufa 23 kwa 100. Hiyo ni inchi yenye ambulansi na lami kila pahali.

Karibu na sisi, kule Moshi katika Tanzania, chini ya mulima Kilimanjaro, wachunguzi waliwafuata wagonjwa wa hospitali ya KCMC katika miaka hii ya karibu. Waliona kwamba kushikwa na moyo kuko mara nyingi kuliko watu walivyofikiri, kwamba wengi hawakutambulikana mwanzoni, na kwamba zaidi ya 4 kwa 10 walikufa mbele ya mwezi kumalizika. Moshi ni muji wenye hospitali kubwa. Tujiulize sisi wa Luvungi, ambako hakuna chumba cha kufungua mushipa wa moyo kwa waya, tuko wapi.

Hatuandike hizi hesabu ili kuwatisha. Tunaziandika sababu ziko na fundisho: kinachoua si moyo peke yake. Kinachoua ni kuchelewa kutambua, na magonjwa yaliyoachwa bila dawa.

Vidonge vya mugongo

Sasa tuseme wazi juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tunalifanya. Kila muchimbaji mugongo unamuuma. Kila karieri iko na kijana anayeuza vidonge katika sanduku: diclofenac, ibuprofen, tramadol. Kuko wanaokunywa diclofenac asubuhi kama vile wengine wanakunywa chai.

Dawa hizi za uvimbe na maumivu zinapandisha tansio, zinaumiza figo, zinatoboa tumbo, na zinaongeza hatari ya kushikwa na moyo. Mwaka 2013 wakubwa wa dawa katika Ulaya walikataza diclofenac kwa mutu ambaye tayari ana ugonjwa wa moyo. Mwaka 2015 Marekani nayo ilikaza onyo lake juu ya dawa za jamii ile. Muangalie tena miti ya shimo: kidonge kimoja kinagusa figo, tumbo, tansio na moyo kwa mara moja. Na tunampatia nani? Muzee wa sukari.

Hatusemi muteseke. Tunasema muzee wa miaka zaidi ya 50, ama mutu yeyote mwenye tansio, sukari ao figo, asinunue hivi vidonge bila kuuliza muforomo. Na ma-PDG wa mashimo wasiruhusu lile sanduku kwa mulango wa karieri. Kama munaweza kukataza mutu kuiba kiloba cha mawe, munaweza kukataza sanduku.

Karuho

Tunarudi kwa neno hili, sababu linaua watu wenye hawakufanya kosa. Hatusemi kwamba hakuna mutu anayeweza kumupa mwingine sumu. Tunasema: muzee mwenye sukari na tansio akitoka jasho jioni, akahema usiku, akafa asubuhi, hiyo ndiyo sura ya moyo iliyoandikwa katika vitabu vya waganga. Haihitaji adui.

Kila mara tunapolia karuho, mambo mawili yanaharibika. Kwanza, mutu asiye na kosa anapoteza nyumba yake ama uhai wake, na mara nyingi ni mwanamuke muzee ao mujane. Pili, mugonjwa anayefuata hapelekwi kwa munganga: anapelekwa kwa mutu wa kutapisha sumu, ao anafungiwa katika chumba cha maombi siku tatu. Tunawaheshimu wachungaji wetu, na sisi tunasali. Lakini tunawaomba: ombeni juu ya moto, katika njia ya hospitali. Mungu anasikia hata pale.

"Ni muzee, tumuache"

Kuko neno lingine ambalo linatuumiza. Mugonjwa akiwa muzee na magonjwa mingi, watu wanasema: "Amechoka, tusipoteze pesa." Hata waganga, dunia nzima, wanajikuta wanawapa dawa kidogo wale walio wagonjwa zaidi, sababu wanaogopa. Wazee wenyewe wanasema hivyo, ili wasiwalemeze watoto.

Lakini hesabu inasema kinyume. Mutu aliye karibu na shimo ndiye anayehitaji kamba. Ule ambaye hatari yake ni kubwa, dawa ikimufaa inamuokoa kuliko inavyomuokoa kijana ambaye angepona hata hivyo. Ni kweli dawa inapaswa kupimwa kwa makini zaidi kwake, sababu ya figo na ya damu kutoka. Kwa hiyo munganga apewe habari yote, apime, achague. Kupima kwa makini ni jambo moja, kumuacha ni jambo lingine. Na kama kweli mwisho umefika, basi muzee afe akiwa na heshima, pumzi yake imetulizwa, watoto wako karibu, na si juu ya moto katikati ya matope.

Hawa wazee ndio walioonyesha vijana ginsi mulima unavyolia mbele ya kuanguka. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, shimo lilipojaa maji kule Kamituga na watu karibu 50 wakapotea, inchi nzima ililia, na ilikuwa haki. Wale waliokufa mumoja mumoja nyumbani kwa moyo na kwa kifua hakuna mutu anayewahesabu. Nao pia ni vifo vya kazi.

Tunaomba nini

Ndiyo jibu la wale wanaouliza sendika inatafuta nini hapa. Vumbi ni kazi. Vidonge vya mugongo ni kazi. Mawazo ya deni kwa négociant ni kazi. Kwa hiyo moyo pia ni kazi yetu.

Kwa Serikali na kwa makampuni. Kanuni ya kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha mwajiri kumutunza mufanyakazi na familia yake wakati wa ugonjwa. Ifuatwe, na ifuatwe pia kwa wale wanaoitwa "journaliers" miaka na miaka. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaomba kampuni kubwa zitoe 0,3 kwa 100 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Wakati wakaaji wanakaa kuchagua kazi ya ile pesa, sauti ya wachimbaji iombe: dawa za tansio na za sukari zisikosekane, na mashine ya elektro ya moyo yenye mutu anayejua kuisoma, mbele ya jengo lingine lenye rangi.

Kwa makoperative na SAEMAPE. Musitufuate tu kwa karte na kwa kodi. Maji ya kulowesha jiwe mbele ya kutoboa na kutwanga, vitambaa na maski vya kweli, kupima kifua: hayo ndiyo kutuongoza. Karte ya muchimbaji ina pahali pa picha na pa sahihi. Iwe na pahali pa tansio pia.

Kwa ma-PDG na négociants. Wakati shimo linatoa, kila mutu anakata sehemu yake. Tunaomba sehemu moja ndogo ya kila uzalishaji iende kwa mutuelle. Kivu yetu inajua mutuelle za afya tangu zamani, si jambo la kuvumbua.

Na sisi wenyewe. Katika mukutano unaokuja, tutaleta haya, na tunaomba mukuje muyabishe:

Kwanza, kasha ya matanga igawanywe mbili. Nusu moja ibakie kwa matanga, nusu ingine iwe ya dawa na ya safari ya mugonjwa. Jeneza la mbao ya kawaida linatutosha sisi wote.

Pili, tununue mashine ya kupima tansio, moja kwa kila karieri, ikae kwa mutu anayejulikana. Kila mwenye miaka 50 na zaidi apimwe kila mwezi, mwanaume na mwanamuke, na sukari ipimwe wakati muforomo anapita.

Tatu, kila muzee awe na karatasi moja katika plastiki, mufukoni: jina, magonjwa yake yote, dawa anazokunywa, dawa zinazomukataa, nambari ya simu ya mutoto. Karatasi hii haina bei. Lakini usiku ule mugonjwa hawezi kusema, ile karatasi ndiyo inayosema.

Ine, motari wawili wa kila mutaa wajulikane, wenye simu inayowaka usiku, na kasha iwalipe bila kungoja familia itafute.

Tano, AVEC na likelemba za mama zikubali mukopo wa dawa kama zinavyokubali mukopo wa biashara. Mama ndiye anayeona kwanza kwamba bwana hajakunywa vidonge vyake.

Ishara za kukata na kubandika kwa ukuta

Muzee, ao mutu wa sukari, ao wa tansio, akionyesha haya kwa rafla, musingoje asubuhi: kifua kinabana ao kinalemea, maumivu yanaenda kwa mukono, kwa taya ao kwa mugongo, pumzi inakuwa fupi bila sababu, jasho ya baridi, kutapika ao "gaz" isiyo ya kawaida, kuzimia, kuchanganyikiwa kichwa, nguvu kupotea mara moja. Ishara moja inatosha. Maumivu ya kifua yanaweza kukosekana.

Muketishe mugonjwa, mugongo umeegemea. Asitembee, asibebe kitu. Musimupe diclofenac, musimupe kanyanga, musimupe dawa ya kutapisha. Mupigie simu muforomo, mumuulize juu ya aspirini, na mumuambie kama mugonjwa ana vidonda vya tumbo, kama aliwahi kutapika damu, ao kama upande mumoja wa mwili umelegea. Muchukue karatasi yake na vidonge vyake vyote katika mufuko. Na mutoke.

Ule muzee wetu amelala chini ya mwembe, nyuma ya nyumba yake. Mujane wake bado anaishi Luvungi, na asante kwa Mungu hakuna aliyemugusa. Juzi alikuja kwa ofisi yetu na mufuko mudogo. Ndani mulikuwa vidonge vya sukari, paketi moja haijafunguliwa, ile ambayo kijana wake alifikisha siku ine kisha mazishi. Alisema: "Mupatie mwingine."

Tulimupatia mwingine. Anaendelea kuosha muchanga, yuko na miaka 61. Paketi ile itamalizika kisha wiki tatu. Mukutano uko mbele ya hapo. Mukuje.